Wamesema Watachukua Kichwa Tu

Ghubra, Jumanne, baada ya magharibi. Joto la kukaanga yai juu ya boneti, na unyevu juu yake. Mwili mzima lakini akili imepigwa kofi.

Shajara yangu, katika Muscat hii kuna watu wawili tu ambao wakipiga chafya wizara nzima huitikia. Mmoja simtaji, kwa heshima yake. Wa pili ni mie.

Sijisifu. Miaka ishirini na tisa nimeshika ghala la vipuri pale wizarani, na hapakuwa na gari la serikali, kuanzia la mkubwa mwenyewe hadi lile la kumwagia miti maji, lililotembea bila ya mkono wangu kutoa kitu. Nilipostaafu waliweka watu watatu na kompyuta mbili mahali pangu, na mpaka leo wananipigia simu kuniuliza mikanda ya feni iko rafu gani. Siku ya kuagana mkubwa alinambia, "Suleiman, ukifa wewe, sisi tutakwenda kwa miguu." Labda hakusema kwa maneno hayo hayo. Lakini ndivyo alivyonitazama.

Basi mtu wa namna hiyo, nikajiuliza, anazikwaje kama watu wengine?

Swali hili halikuja bure. Mwezi uliopita alifariki Bwana Hilali, mwenzetu wa barazani Hamriya. Baraza yenyewe ni viti sita vya plastiki mbele ya duka la Khamis, fundi cherehani, hapo ndipo tunapokunywa chai yetu ya maziwa na kuiendesha dunia. Asubuhi ile Bwana Hilali alikuwa nasi, anagombania kipande cha mwisho cha kashata. Adhuhuri alisali, akajinyoosha kidogo, hakuinuka tena. Alasiri tulimsalia. Kabla ya magharibi tulikuwa tunakung'uta vumbi la makaburini kwenye makubadhi yetu. Na hitima haijapoa, kiti chake kimeshakaliwa na mtu anayeuza betri za magari.

Baina ya sala mbili. Mtu mzima, na sifa zake zote, na hadithi zake zote, kaisha baina ya sala mbili.

Najua ndivyo inavyotakiwa. Maiti huharakishwa, na kuharakishwa ndiyo heshima yake. Nimefundishwa hivyo Unguja tangu sijajua kufunga shikizo. Lakini kujua ni kitu kimoja, na kumwona muuza betri amekunja nne kwenye kiti cha Bwana Hilali ni kitu kingine. Nilishtuka. Na wiki ile ile daktari alinisikiliza moyo akanyamaza, tena akanyamaza muda mrefu kuliko siku zote, halafu akaniuliza kama nalala vizuri.

Nikawa silali vizuri.

Ndipo nikaiona kwenye simu, video ya watu wenye makoti meupe. Kuna kampuni, ukifa, zinakuchukua upesi upesi, zinakutoa damu, zinakutia dawa, zinakuning'iniza ndani ya pipa la chuma lenye naitrojeni ya maji, baridi ambayo hata shetani hajaionja. Unakaa humo mpaka madaktari wa baadaye wapate dawa ya kilichokuua. Kisha wanakuamsha. Nasema wanakuamsha, maana kufufua ni kazi ya Mwenyezi Mungu peke yake, na wenyewe hawasemi kufufua. Tena wanasema "huenda".

Sikumuuliza sheikh wa msikiti wetu. Mtu huuliza asilolijua.

Nikazitafuta kampuni, nikapata tatu. Moja Marekani, ya zamani, mapipa yamejipanga kama mitungi ya gesi Darsait. Nyingine nchi ya theluji huko juu, nikaipenda kwa sababu hata mambo yakiharibika unaweza kutolewa nje ukakaa. Ya tatu Ulaya, mpya, picha zake safi, kila mtu anatabasamu utadhani hakuna anayekufa. Nikaziandikia zote barua moja. Kiingereza changu nimekisoma kwenye maboksi ya ghalani, najua "shika kwa uangalifu" na "upande huu juu", lakini simu siku hizi zinatafsiri.

Swali langu la kwanza kwa wote lilikuwa umeme ukikatika inakuwaje. Mtu aliyekulia Unguja hatii samaki kwenye friza bila ya kuulizia umeme, sembuse nafsi yake.

Marekani wakanijibu kwa barua ya mashine. Wa theluji wakaniletea kitabu cha kurasa nyingi. Wa Ulaya wakanijibu kwamba mapipa hayatumii umeme, yanaongezwa tu ile naitrojeni kila baada ya muda, na bibi mmoja angependa kuzungumza nami ana kwa ana kwenye simu, na barua nzima wameniita "mheshimiwa" mara sita. Nilihesabu. Nikaona hawa ndio wanaojua watu. Nikawachagua hao.

Fomu yao nikaijaza mwenyewe, kwa raha zangu, nimekaa kwenye gari na kipupwe kinapuliza. Palikuwa na pahali pa kuchagua aina ya huduma, moja ina nyota pembeni, nyingine haina. Ghalani kwetu chenye nyota ndicho bora. Nikatia alama kwenye nyota, sikusoma zaidi. Mtu anayejua kazi hasomi kila kitu.

Na barazani nikatangaza.

Hilo ndilo kosa langu, ee shajara, kama kuna kosa. Nikawaambia mie simo katika haya mambo yenu ya adhuhuri na alasiri. Mie nimechaguliwa. Nikawaambia kampuni inatafuta watu wa aina fulani tu, wenye ubongo fulani, na kutoka ghuba hii yote nimepita mie. Nikasema watatuma ndege. Ya ndege sikuwa na hakika nayo, lakini ilikuwa imeshatoka.

Wiki nzima wakanichezea. Khamis aliacha cherehani akaja mlangoni na futi shingoni: "Yakhe, wakikuyeyusha haraka haraka si utatoka nje umeiva ndani mbichi?" Muuza betri, ambaye hata hatujazoeana, akasema wanipake ndimu na chumvi kabla ya kunitia. Ami Nassor, mkubwa wetu kwa umri, alikuwa hacheki. Yeye aliniuliza swali moja tu: "Na Zuwena kasemaje?"

Nikamwambia Zuwena yuko pamoja nami. Zuwena, mke wangu, alikuwa hajui hata herufi moja ya mambo haya.

Sasa leo.

Saa tano asubuhi bibi wa Ulaya akapiga. Mtu wa adabu, nywele nyeupe, nyuma yake kuna maua. Akanishukuru, akaniita mheshimiwa. Akaanza kunisomea nilichojaza ili nithibitishe. Jina, sawa. Umri, sawa. Kisha akasema kitu, simu ikatafsiri, nikadhani simu imeshikwa na joto.

Nikamwambia arudie. Akarudia, na ili nielewe akanyoosha kiganja akakipitisha shingoni pake, taratibu, kwa upole, kama muuza kuku anayekuuliza kama unataka na shingo.

Nimechagua kichwa tu.

Kile chenye nyota ni kichwa tu. Wanasema ubongo ndio mtu, mengine yatapatikana huko mbele. Nikauliza: na kilichobaki? Akatabasamu kama wanavyotabasamu wote kwao. Kilichobaki huchomwa, mheshimiwa, na jivu hurudishwa kwa familia ndani ya kisanduku.

Nilishika shingo yangu. Wallahi niliishika kwa mikono miwili.

Mie, mtoto wa watu waliozikwa Malindi na Mkokotoni na Nizwa, wote wazima wazima, wote ubavu wa kulia wanaelekea kibla, mie nirudi Ghubra kwa posta. Nani atafungua hicho kisanduku? Atakitia wapi? Pembeni ya bilauri za wageni?

Bibi akasema hakuna tatizo, naweza kubadilisha nikaingia mzima. Lakini kuna jambo moja lazima, kwa kichwa au kwa mzima. Lazima mtu wangu wa karibu, yaani mke, atie saini kwamba nikifa hatonizika. Atawapigia simu saa yoyote ile, atanizungushia barafu kuanzia utosini, na atangoja mpaka watu wao wafike. Nikauliza watafika baada ya muda gani. Akasema kwa Muscat, siku mbili. Pengine tatu.

Siku tatu! Watu wetu hawa, ukichelewesha jeneza kutoka adhuhuri hadi alasiri kwa ajili ya mtoto anayekuja kutoka Salala, wameshaanza kutazamana. Siku tatu nimelala ukumbini juu ya mifuko ya barafu, na shangazi zake Zuwena wamekaa wananizunguka na misahafu yao, wananiona navuja.

Nilimuaga bibi, nikakaa. Joto nje, baridi ndani yangu.

Na hapo, shajara yangu, nikapata akili. Nikaona mlango. Mlango wenyewe ni Zuwena. Zuwena hatokubali. Mwanamke wa kikale, aliyelelewa na bibi yake, anayesoma Yasini kila Alhamisi, atakubali vipi? Atakataa, atapiga kelele, atawaita kaka zake. Na mie nitakwenda Hamriya uso juu, niseme mke wangu kanizuia, na mume mwema humsikiliza mke. Sikubadilisha hata ile nyota. Niliiacha makusudi. Kwa kichwa tu, nikasema, hakuna mke chini ya jua atakayekubali.

Tena, niseme ukweli, nilitaka kukisikia hicho kilio. Miaka thelathini na moja ya ndoa. Mtu hutaka kujua.

Nikachapisha karatasi, nikamwendea. Alikuwa anapiga pasi kanzu zangu. Nikamweleza yote, sikumficha kitu, hata kiganja cha shingoni nikamwonesha. Nilieleza vizuri, hata naitrojeni nilieleza. Pasi haikusimama. Alipofika kwenye mkono wa kanzu akaugeuza, akaupiga upande wa pili.

"Ba Rahma," akasema, maana huniita mie kwa jina la binti yetu, "eda n'nakaa au sikai?"

Nikamwambia eda gani tena.

"Miezi minne na siku kumi. Naianza siku utakapokufa, au siku watakapokata tamaa huko? Maana wewe unasema hujafa. Unasema unangoja. Mke wa mtu anayengoja ni nani? Mjane au mke?"

Fomu ile yote, kurasa kumi na nne, hakuna pahali pa eda.

"Na hao watakaokusalia, watakisalia nini? Na mirathi, Rahma na nduguze wagaiwe, au wakungoje na wao?" Akainyunyizia kola maji. "Ukiamshwa huko baada ya miaka mia, utakuja kudai nyumba?"

Nikasema sitadai nyumba. Nikaona nimeshaanza kujadiliana kuhusu nyumba, na kilio hakijaja.

Akaitundika kanzu. Akasema, hakuwa anacheka: "Na mie nizikwe jirani na nani?"

Hilo sikulitazamia. Nilijiona niko pipani, nilijiona naamka, nilijiona nahojiwa na watu wa baadaye na nawaeleza mambo ya ghala. Pahali pa Zuwena pa kulala sikupaona katika picha hizo zote. Hata mara moja.

Nikasema, "Kuna jamaa zako wengi tu kule makaburini."

Wallahi, hayo ndiyo maneno niliyoyapata.

Akanitazama. Akazima pasi, akaisimamisha kwa kisigino chake. Akafuta mikono. "Haya, lete."

"Nilete nini?"

"Karatasi. Si umekuja kutaka saini?"

Nikampa nikijua ataichana. Akailaza juu ya meza ya pasi, bado ina moto, akauliza ni wapi, nikamwonesha kwa kidole, na Zuwena akatia saini. Jina lake kamili, na la baba yake, na la babu yake, kwa zile herufi zake nzuri za chuo cha Kurani. Akaniuliza tarehe.

Akatia na tarehe.

"Mtu akitaka kwenda," akasema, "mie simshiki kanzu." Akawasha pasi, akachukua kanzu nyingine.

Nimeona mambo katika maisha haya. Nimeona wadi, lile bonde la maji ya mvua, ikiteremka Darsait ikabeba magari kama makopo, na mie ndani ya moja, nikatoka kwa dirisha na tunda la embe mkononi. Nimeona nyoka ndani ya boksi la plagi. Sijapata kushtuka kama niliposhtuka leo mbele ya meza ya pasi. Kichwa tu, na ametia saini. Wala hakuuliza kama inauma.

Baada ya hapo pana kama dakika kumi ambazo naziruka kwanza.

Alasiri nikaenda Hamriya. Wote wapo. Nilipotokea tu Khamis akapiga ukelele, "Barafu inakuja, sogezeni vikombe!" Nikakaa. Nikaagiza chai. Nikangoja wanyamaze, maana mie najua kungoja watu wanyamaze.

Nikawaambia imevunjika. Nikawaambia kampuni walikuwa tayari, ndege tayari, kila kitu, lakini Zuwena. Zuwena kalia. Nikawaambia alivyoanguka chini akanishika miguu, akasema heri afe yeye kuliko mie kulala ugenini, akaichana karatasi vipande vipande, akavitupa, akaviokota akavichana tena. Nikawaambia nilijaribu kumbembeleza, lakini mwanamke akipenda kiasi hicho ufanye nini? Kwa hivyo nimewaandikia wale wa Ulaya nimejitoa. Hilo la kujitoa ni kweli. Niliandika barua kabla ya kutoka nyumbani, na bibi wa nywele nyeupe amejibu kwa adabu ile ile, ananitakia maisha marefu.

Hakuna aliyecheka. Hilo pia lilinishtua. Muuza betri alitazama chini kwenye kikombe chake. Khamis alishika futi lake, akasema mkewe yeye angeuliza tu barafu inanunuliwa wapi. Ami Nassor akanipiga bega, akasema, "Una bahati, Suleiman. Wengine wetu hatuna hata wa kutukataza." Mkewe amefariki miaka minne nyuma. Sikuwa nimekumbuka hilo nilipokuwa natunga.

Nikalipokea hilo kofi la bega kama vile nimelistahiki.

Nimerudi nyumbani, nimesali, nimekaa na simu hii. Pale barazani hawasomi blogu kama hii, wao ni watu wa sauti, ukiwaandikia mistari miwili wanakupigia kukuuliza umeandika nini. Kwa hivyo hapa naweza kuweka kitu bila ya kufika Hamriya. Zile dakika kumi.

Zuwena hakulia. Hakuanguka, hakushika mguu wa mtu.

Nilitoka na karatasi yangu mpaka mlangoni, nikavaa kiatu kimoja, nikasimama. Kisha nikarudi na kile kiatu kimoja mpaka kwenye meza ya pasi. Nikamwambia, "Mama Rahma, kataa basi."

Akasema, "Nikatae nini, na nshatia saini?"

Nikamwambia aifute hiyo saini. Akauliza kwa nini. Nikasema huduma yao si nzuri. Akanyoosha kanzu. Nikasema mambo ya posta siyaamini. Akanyoosha upande wa pili. Nikasema daktari, nikasema joto, nikasema siku tatu ni nyingi kwa mifuko ya barafu ya hapa. Akawa ananingoja, na mie mwenye maneno yote ya Hamriya nilikuwa nimebakiwa na moja tu, nalo dogo, la kitoto.

Nikasema naogopa kulala huko peke yangu.

Akasema hakusikia, pasi ilikuwa inatoa mvuke.

Nikasema tena.